Baiskeli ya kwanza ya umeme kwa mwenye tatizo la mguu: mota ya gurudumu, mota ya kati au magurudumu matatu?

Anayeuza baiskeli za umeme huanza na wati za mota na kilomita za betri. Kwa mtu ambaye goti halikunji vizuri, paja limeishiwa nguvu au mguu mmoja haubebi uzito, namba hizo zinaweza kusubiri. Kwanza jua mguu wako unakwamia wapi, kwa sababu mota ya baiskeli hizi huzungusha gurudumu, haikuzungushii mguu. Ukipiga pedali, mguu bado utaifuata mzunguko mzima, na baiskeli ikisimama bado ni wewe utakayeizuia isianguke.

Aina tatu zinalinganishwa hapa: ya mota ya gurudumu (mota imo ndani ya gurudumu) yenye akseleta, ya mota ya kati (mota iko katikati ya fremu, kwenye pedali) yenye sensa ya nguvu, na ya magurudumu matatu. Kila moja inapimwa kwa mambo yaleyale: kuondoka kutoka kusimama, goti na nguvu, mlima na betri, kinachoharibika, na mtu inayemfaa.

Mguu unakwamia wapi?

*Kukunja.* Krenki, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedali, kwa kawaida ina urefu wa milimita 170. Kwa urefu huo goti huhitaji kukunja takriban nyuzi 110 pedali inapofika juu, ingawa kimo chako na urefu wa tandiko vinaweza kuongeza au kupunguza kidogo. Keti ukingoni mwa kiti, rudisha kisigino nyuma polepole mpaka goti likatae, kisha mtu apime pembe kwa programu ya simu. Mguu ulionyooka kabisa ni 0. Ukikaa kitini kawaida ni kama 90. Goti linaloishia 95 halitapita juu kwa krenki ya 170, hata mota iwe na nguvu namna gani. Kama goti au nyonga imefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kusema kama uanze sasa au usubiri.

Tiba ya tatizo hili ni krenki fupi, na faida yake ni maradufu. Ukitoka 170 kwenda 140, pedali ya chini inapanda milimita 30, kwa hiyo unainua tandiko milimita 30. Pedali ya juu nayo inashuka milimita 30. Jumla goti limepata nafasi ya milimita 60. Lakini kuna mambo mawili ya kulipia. Tandiko lililoinuliwa linaiweka ardhi mbali zaidi unaposimama, na krenki fupi hutoa nguvu ya mzunguko pungufu kwa karibu asilimia 18 kwa msukumo uleule. Kama goti lenye shida ni moja tu, vipo vipande vya kufunga juu ya krenki, vyenye matundu kadhaa, vinavyofupisha upande huo peke yake. Anayevifunga akumbuke kwamba pedali ya kushoto hulegezwa kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa. Kuilazimisha kinyume chake huharibu nyuzi za skrubu kwenye krenki.

*Kusukuma.* Kwa wengine goti linazunguka vizuri lakini halina nguvu, au linauma likibanwa. Ndivyo ilivyo kwa wengi waliopata kiharusi au polio, na kwa wale ambao gegedu la goti limelika. Hawa waulize kama baiskeli inataka nguvu ndipo itoe msaada, au inataka mzunguko tu.

*Kusimama.* Hapa ndipo uchaguzi mwingi unapoharibikia. Ukisimama kwenye taa za barabarani, mguu wenye nguvu ndio unaoshuka chini kubeba uzito. Maana yake mguu dhaifu ndio uliobaki juu ya pedali, na ndio utakaotakiwa kutoa msukumo wa kwanza wa kuondoka. Kuzunguka uwanja mtambarare kwa dakika kumi hakuonyeshi jambo hili. Kusimama na kuondoka mara ishirini, mara kadhaa kwenye mwinuko, kutakuonyesha.

Mambo mawili hayabadiliki kwa aina yoyote. Fremu iwe ya kupitisha mguu chini, bila bomba la juu la kurukia. Na uepuke breki ya kukanyaga pedali kwa nyuma, maana baiskeli yenye breki hiyo haikuruhusu kurudisha pedali nyuma kuiweka mahali pazuri pa kuanzia, na mwenye mguu mmoja dhaifu huhitaji kufanya hivyo kila anaposimama.

1. Mota ya gurudumu, sensa ya mzunguko na akseleta

*Kuondoka.* Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Unakaa sawa, unashika breki, unaachia huku ukibonyeza akseleta taratibu, na baiskeli inaondoka bila mguu kufanya chochote. Chagua akseleta ya kidole gumba kuliko ya kusokota kama pikipiki. Anayeyumba huukaba usukani kwa nguvu, na akseleta ya kusokota hufunguka yenyewe katika kukaba huko. Usiiguse kamwe ukiwa umesimama pembeni ya baiskeli. Izime kwanza ndipo uikokote.

Aina hii ikiuzwa bila akseleta, sura inabadilika. Sensa ya mzunguko ni sahani yenye sumaku karibu na krenki, mara nyingi 12, inayohesabu pedali zinavyopita. Mota huamka baada ya robo au nusu ya mzunguko, na hiyo robo ya kwanza ndiyo ambayo mguu dhaifu hauiwezi. Hivyo angalia sheria ya unakoishi kabla ya kuipenda. Katika Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida ina mota ya wati 250, msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa, na bila kupiga pedali mota inaruhusiwa kusukuma hadi kilomita 6 kwa saa tu. Hiyo 6 ni ndogo lakini inatosha kukuondoa kwenye taa, kwa hiyo uliza kama baiskeli inayo na kama kitufe chake kinafanya kazi ukiwa umekaa juu. Katika majimbo mengi ya Marekani kuna daraja la pili, lenye akseleta hadi maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32.

*Goti na nguvu.* Sensa ya mzunguko haijali unabana pedali kwa nguvu gani. Ukizungusha miguu kama hewani, mota inatoa kiwango kizima cha daraja la msaada ulilochagua. Kwa goti linalouma likibanwa huu ni msaada mkubwa sana, maana kiungo kinaendelea kupata mwendo bila mzigo. Kwa goti lisilozunguka kabisa, akseleta inakuwezesha kuweka miguu ikitulia, ila uwe na pedali pana zenye meno mafupi ili unyayo usiteleze.

Kasoro yake ni kushtuka. Msaada unakuja ghafla na unaendelea kidogo baada ya pedali kusimama. Mwenye misuli inayokaza ghafla anaweza kusogeza pedali bila kutaka, na mota ikaitikia. Kwa hiyo hakikisha kila mkono wa breki, wa kushoto na wa kulia, unakata umeme. Jaribu nyuma ikiwa juu ya stendi: mota inazunguka, gusa breki moja, lazima inyamaze, kisha rudia kwa nyingine.

*Mlima na betri.* Baiskeli na mpandaji wakiwa kilo 110, kupanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 10 kwa saa kunataka karibu wati 270 kwenye gurudumu. Mota ya gurudumu inaziweza kwa muda mfupi. Kwenye mwendo wa chini haifanyi kazi kwa ufanisi, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto, na mlima mrefu unaweza kuichosha mpaka ijizime. Gurudumu dogo la inchi 20 humsaidia mpandaji wa milima, kwa sababu mota ileile inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa ndani ya gurudumu la inchi 28.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina watisaa 504. Ukipiga pedali kwa kusaidiana na mota, tegemea kutumia watisaa 6 hadi 10 kwa kilomita; ukitumia akseleta peke yake, 12 hadi 20. Betri hiyohiyo inayoandikwa kwenye tangazo kuwa ya kilomita 80 inaweza kukufikisha 30 tu. Gawanya mwenyewe watisaa za betri kwa matumizi ya kila kilomita, na ukate asilimia 15 ya akiba.

*Kinachoharibika.* Ndani ya mota nyingi za aina hii kuna gia ndogo za nailoni zinazolika, hasa kwa kuanzia mlimani akseleta ikiwa imefunguliwa yote. Kubadilisha mpira wa gurudumu lenye mota ni kazi ya kupiga magoti: kuna waya wa kuchomoa na nati kubwa, mara nyingi za spana 18. Kama kupiga magoti ndiko usikokuweza, lipia tairi nene la kuzuia miiba na weka dawa ya kuziba matundu tangu siku ya kwanza. Mota ikiwa kwenye gurudumu la mbele huteleza kwenye mchanga na barabara iliyolowa. Ya nyuma ni tulivu zaidi.

*Inamfaa* mwenye mguu mmoja dhaifu sana lakini mwili unaosimama wima bila kuyumba, na mwenye goti linaloumizwa na msukumo.

2. Mota ya kati na sensa ya nguvu

*Kuondoka.* Sensa ya nguvu hupima msukumo na kuuzidisha. Inaitikia mara moja, bila kusubiri robo mzunguko, na kwa mguu unaoweza kubana kidogo ni laini na ya kuaminika. Kwa mguu usioweza kubana hakuna cha kuzidisha, na sifuri inabaki sifuri. Kama mguu wako dhaifu unaweza kusimama chini kwa sekunde chache, badili zamu: dhaifu chini, wenye nguvu kwenye pedali iliyo mbele na juu kidogo. Kama hauwezi, mota ya kati bila kitufe cha kuanzia itakusumbua kila njia panda.

*Goti na nguvu.* Chukua mfano wa Bosch Performance Line CX, mota ya kati inayojulikana sana, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa ikitoa msaada hadi asilimia 340. Ukitoa wati 60, mota inaongeza hadi 204, jumla 264, na ule mwinuko wa asilimia 8 unaupanda kwa karibu kilomita 10 kwa saa. Ukitoa 30, jumla ni 132, na mwendo unashuka hadi kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ya magurudumu mawili huyumba sana kwenye mwendo huo. Hesabu hii fupi inaeleza kwa nini watu wawili wanaweza kupanda baiskeli moja, mmoja akaisifu na mwingine akaiuza baada ya mwezi.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji: baadhi ya sensa za nguvu za bei ndogo hupima upande mmoja tu wa krenki. Kama upande unaopimwa ndio wa mguu wako dhaifu, mguu wenye nguvu unafanya kazi na mota haijui. Jaribu kwenye tambarare, kwa daraja la kati la msaada. Sukuma kwa mguu wa kulia peke yake kwa mizunguko kumi, kisha wa kushoto, halafu omba mtu mwenye miguu yote mizima afanye hivyo kwa kila upande. Kama msaada kwake unatofautiana sana kushoto na kulia, tatizo ni la sensa, si la mguu wako.

Na kumbuka zile asilimia 18 za krenki fupi. Sensa hii inapima nguvu ya mzunguko, kwa hiyo krenki ya 140 itakupa msaada pungufu kwa msukumo uleule. Utapanda daraja moja la msaada, na betri italiwa haraka zaidi. Kabla ya kuagiza krenki fupi angalia pia umbo la ekseli ya mota, maana zipo za pembe nne na zipo za meno, na moja haiingii kwenye nyingine.

*Mlima na betri.* Hapa ndipo inapong'aa. Inatumia gia za baiskeli, kwa hiyo mlima mrefu inaupanda bila kuchemka, na kwa watisaa zilezile huenda mbali zaidi. Sharti ni kushusha gia kabla ya kusimama. Gia za nje hazibadiliki pedali zisipozunguka, na aliyesimama ghafla kwenye gia nzito ataondoka kwa msukumo ambao mguu wake hauna. Ndiyo maana kwa msomaji wa makala hii gia za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni bora kuliko za nje, hata zikiwa nzito zaidi: unaweza kushusha ukiwa umesimama.

*Kinachoharibika.* Cheni na meno, kwa kuwa nguvu zote za mota zinapita humo. Gurudumu lenyewe ni la kawaida na rahisi kutoa. Mota ikifa, mara nyingi inabadilishwa nzima.

*Inamfaa* mwenye nguvu iliyopungua lakini ipo katika miguu yote miwili, anayeishi kwenye milima, na anayetaka mguu uendelee kufanya mazoezi kwa kipimo.

3. Magurudumu matatu ya umeme

*Kuondoka.* Tatizo la kusimama linatoweka. Miguu inabaki kwenye pedali, mwendo wa kilomita 4 kwa saa mlimani hauangushi mtu, na unaweza kupumzika katikati ya kilima bila kushuka. Breki ya kuegesha ni lazima, la sivyo itakukimbia unapopanda.

*Goti na nguvu.* Kwa kuwa huhitaji kufikisha mguu chini, unaweza kuinua tandiko na kufunga krenki fupi bila ile hasara ya ardhi kuwa mbali. Hapa pia ndipo pa kufunga unyayo kwa mkanda na kishikio cha kisigino, kwa mwenye mguu wa bandia au kifundo kinachoning'inia. Kwenye magurudumu mawili kufunga mguu ni hatari, maana ukianza kulala upande huo huwezi kuutoa kwa wakati.

Zipo sura mbili. Ya kukaa wima ina magurudumu mawili nyuma, ni rahisi kupanda na unaonekana vizuri barabarani. Ya kuegemea ina mawili mbele na kiti cha chini. Ni tulivu kwenye kona na ina nafuu kwa mgongo na nyonga, lakini kuinuka kutoka kiti kilicho chini ya magoti kunataka mapaja yenye nguvu au vishikio vya mkono. Katika hiyo ya kuegemea, mkanda wa mguu si hiari: unyayo ukidondoka kwenye pedali ukiwa mwendoni, ardhi inauvuta kurudi chini ya fremu, na mguu unaweza kuvunjika.

*Mlima na betri.* Uzito wa kilo 30 hadi 45 bila mpandaji unakula betri zaidi. Akseleta au kitufe cha kuanzia vinasaidia hapa pia, ingawa kuvikosa si hatari kama kwenye magurudumu mawili.

*Kinachoharibika, na kinachoangusha.* Ya kukaa wima hailali kwenye kona, kwa hiyo ukiingia kwa kasi gurudumu la ndani linanyanyuka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na egemeza kifua upande wa ndani. Barabara iliyoinama pembeni huivuta kuelekea mtaroni, na aliyezoea magurudumu mawili huhangaika na usukani siku za mwanzo. Upana ni sentimita 70 hadi 85. Pima mlango na njia ya kuingilia nyumbani kabla ya kununua. Tairi ni tatu, na matundu vivyo hivyo.

*Inamfaa* mwenye kuyumba, mwenye miguu yote miwili dhaifu, na mwenye ugonjwa unaozidi polepole.

Kufunga mota kwenye baiskeli uliyonayo

Inawezekana, na ni njia nzuri kama baiskeli yako tayari ni ya fremu ya chini na imekuzoea. Funga bamba la chuma linalozuia ekseli isizunguke, hasa kwa mota ya mbele, na usiifunge kwenye foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya alumini nyembamba. Nunua betri na chaja vya pamoja vilivyotengenezwa kwa ajili ya kila kimoja. Betri ya lithiamu usiichaji ikiwa imeganda kwa baridi, imepasuka au imevimba, wala karibu na mlango ambao ndio njia yako pekee ya kutokea; mwenye mguu mzito anahitaji nafasi hiyo kuliko mtu yeyote.

Kwa hali yako

Goti halifiki nyuzi 100, mguu mwingine mzima: anza na krenki fupi ya upande mmoja, kisha mota yoyote kati ya mbili za kwanza. Lisipofika 80, fikiria akseleta na miguu kutulia kama sheria inakuruhusu, au uliza baiskeli za kuzungusha kwa mikono.

Goti linazunguka lakini linauma: sensa ya mzunguko, gia nyepesi, miguu ikienda haraka bila kubana.

Nguvu imepungua pande zote lakini unasimama vizuri, na njia zako ni za milima: mota ya kati yenye gia za ndani.

Upande mmoja umelegea baada ya kiharusi: magurudumu matatu kwanza, na breki zote mbili zifungwe kwenye mkono mmoja kama mkono nao umeathirika. Mikono ya breki ya aina hiyo ipo, na fundi wa kawaida anaweza kuifunga.

Unaishi ghorofani bila lifti: magurudumu matatu yanaondoka kwenye orodha usipokuwa na pa kuegesha chini. Kwa mbili nyingine chagua betri inayotoka, uibebe yenyewe kwenda kuichaji. Nyingi zina kilo 2.5 hadi 4, na mkoba wa mgongoni huacha mikono yote miwili huru kushika reli ya ngazi.